Mwanzi wa Simu na Siku Tatu za Ukungu

Babu Mikidadi anasema aliuona mtandao wa simu kwa macho yake.

Anasema ilikuwa mwezi wa saba, saa tisa alasiri. Alikuwa anapalilia karoti kwenye matuta ya chini. Upepo ukaanza kupanda kutoka bondeni, kama unavyopanda kila siku jua likishachoma tambarare ya Morogoro. Nyasi zikainama. Migomba ikainama. Simu yake ilikuwa ndani ya kikapu kidogo cha ukili, kimefungwa juu ya mwanzi mrefu. Upepo ulipofika kwenye kikapu, simu ikalia. Aliyepiga ni mwanawe, Pazi, anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko Mtibwa.

"Sauti ilipanda na upepo," Babu husema. "Upepo ukalegea, sauti ikalegea. Upepo ukakata, Pazi naye akakata. Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo."

Babu Mikidadi ni jirani yetu. Alifanya kazi kiwanda cha sukari miaka ishirini na sita kabla ya kurudi mlimani. Akizungumzia mitambo, kitongoji kizima kilikuwa kinanyamaza. Nani angembishia? Mimi niliishia darasa la saba. Wengine hawakufika hata hapo.

Jina langu ni Josephine. Nyumbani waliniita Fina. Kitongoji chetu kiko kwenye mkunjo wa milima ya Uluguru. Nyumba hazizidi thelathini. Tunalima karoti, maharage na magimbi. Siku ya gulio tunaosha karoti mtoni, tunazipanga kwenye matenga na kupanda nazo mpaka barabarani. Ukisimama uani kwetu huoni mji. Unaona mgongo wa mlima, mkubwa, mweusi, umeziba upande wote wa mjini.

Ndani ya nyumba zetu simu hazikushika mtandao. Ndiyo maana Babu alikata mwanzi. Aliuchimbia pembeni mwa uwanja wetu, kwa sababu uwanja wetu uko juu kuliko nyumba nyingine. Akafunga kamba na kikapu. Ukitaka kutuma ujumbe, unauandika, unabonyeza, unaweka simu kikapuni, unapandisha. Baada ya muda unateremsha. Mara nyingi ujumbe unakuwa umekwenda. Ukitaka kuongea, unafungua spika, unapandisha, kisha unapiga kelele ukiangalia juu. Siri hazikuwepo. Mchumba wa mtu akimkasirikia, tulijua wote.

"Mwambie umekoma!" watu walimwambia anayeongea na mwanzi. "Sema kwa nguvu, hajasikia!"

Tulicheka sana pale.

Lakini ukungu ukishuka tulikuwa tunateremsha kikapu na kukiingiza ndani. Simu ikilowa inakufa. Babu alitueleza sababu nyingine pia. Alisema ukungu ukikaa, upepo unalala, na mtandao unakosa cha kuupandisha. Kwa hiyo siku za ukungu hakuna aliyehangaika. Tulingoja upepo.

Kazi ya kupandisha na kuteremsha kikapu ilikuwa yangu. Mwanzi ulikuwa kwetu, na mimi ndiye niliyeshinda nyumbani kumwangalia mama.

Mama yetu aliitwa Koleta. Mwaka juzi alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Tulimpeleka hospitali mjini. Daktari alisema moyo umechoka. Alimpa dawa, akatuambia tumpumzishe nyumbani, asibebe mizigo, asile chumvi nyingi. Mama alinung'unika juu ya chumvi tu. Hayo mengine aliyakubali.

Nina dada mmoja, Juliana. Ndiye mkubwa. Anaishi Turiani na mume wake. Juliana aliolewa bila kungoja neno la mjomba wetu, Anselmi. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Mama alikasirika. Juliana naye alikasirika. Miaka miwili wakawa wanasalimiana kupitia kwangu tu. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie marahaba." Basi, imeisha.

Mwezi wa nne, siku ya Jumatatu, mama aliniita asubuhi.

"Fina."

"Abee, mama."

"Mpigie dada yako. Mwambie aje. Nina neno lake."

"Neno gani, mama?"

"Nimesema lake. Si lako." Akacheka kidogo, kisha akakohoa.

Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati. Sikuona hata jiko la nje. Niliona kikapu juu ya mwanzi kama doa tu, kinadondosha matone. Nilishika kamba. Nikakiteremsha. Nikaingia nacho ndani nikaifuta simu kwa kanga.

"Umempata?" mama aliuliza.

"Kuna ukungu, mama. Tungoje upepo."

"Haya. Tungoje."

Jumanne ukungu haukuondoka. Mama aliuliza mara mbili, "Upepo umeamka?" Nikamwambia bado. Jumatano hakuuliza. Alikuwa amelala ubavu, anaangalia mlango. Mimi niliketi karibu naye nachambua maharage. Nilidhani ninafanya lililo sahihi. Nilikuwa na subira. Watu hunisifu kwa subira.

Alhamisi kulipokucha nilimpelekea uji. Hakuamka.

Mchana wa siku hiyohiyo upepo ulipanda na ukungu ukafunguka. Nilipandisha kikapu. Ujumbe wa kwanza niliomtumia dada yangu ulikuwa wa msiba.

Kwetu hakuna pa kuhifadhi maiti. Mama alizikwa Ijumaa. Juliana alifika Jumamosi asubuhi. Alipanda gari Turiani, akashuka stendi ya Msamvu mjini Morogoro, akapanda gari la mizigo mpaka mwisho wa barabara, kisha akatembea. Alikuta udongo wa kaburi umeanza kukauka juu. Alilia mpaka sauti ikamwisha. Halafu akanivuta nyuma ya nyumba.

"Alizidiwa lini?"

"Jumatatu. Jumatatu alisema nikuite."

"Jumatatu!" Alinitazama. "Fina, Jumatatu ningepata ujumbe, Jumanne jioni ningekuwa hapa. Ningemkuta mzima."

"Kulikuwa na ukungu, dada. Mtandao haukuwepo."

"Ulijaribu?"

Niliinama nikaokota kuni iliyoanguka.

"Alitaka kuniambia nini?"

"Hakusema. Alisema neno ni lako."

Juliana alijifunga kanga upya, polepole. "Yaani neno la mwisho la mama kwangu limebaki kwenye ukungu wako," alisema. Matanga yalipoisha aliondoka. Hakuniaga.

Kwetu jina la marehemu halizikwi naye. Ukoo unakaa, unachagua mtu wa kulirithi. Anayelirithi anakuwa kama yeye. Watoto wanamwita mama. Mjomba Anselmi alisema jina la Koleta ni la Juliana, maana ndiye binti mkubwa. Tulimpelekea habari. Hakujibu. Tukangoja mavuno ya maharage yapite. Bado hakujibu.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa Hosiana alipokuja.

Hosiana ni fundi wa minara ya simu. Ni mwenyeji wa Moshi, lakini anaishi mjini Morogoro. Alikuwa anakwenda kukagua mnara mmoja upande wa pili wa mlima. Mvua ilikata njia, pikipiki yake ikazama kwenye tope mpaka ekseli. Vijana wakaisukuma mpaka kwetu. Nikampa chumba cha mama alale, maana kilikuwa kitupu.

Asubuhi aliamka akatoka nje na kikombe cha chai ya mchaichai. Ukungu ulikuwa mzito. Akaona mwanzi umesimama peke yake, kamba inaning'inia.

"Dada Josephine, huu ni wa nini? Wa bendera?"

Nilimweleza. Babu Mikidadi alikuwa anapita na jembe begani. Aliposikia habari ya mwanzi wake, alisimama.

"Shikamoo, Babu," Hosiana alisema.

"Marahaba, binti. Ni mimi niliyeuweka huo. Lakini leo usijisumbue. Upepo haupo."

"Upepo unahusika vipi?"

Babu akaweka jembe chini. Alipenda swali hilo. "Sikiliza. Pale kiwandani mvuke unakwenda kwenye bomba. Maji yanakwenda kwenye mfereji. Sukari inakwenda kwenye mkanda. Sasa sauti ya mwanangu inatoka Mtibwa mpaka hapa. Inakuja na nini? Lazima kuna kitu kinaibeba. Hicho kitu ni hewa, na hewa ikitembea tunaiita upepo. Wewe unapanda minara, mimi nilipanda matangi ya molasi kabla mama yako hajaolewa."

Hosiana hakumcheka. Alivuta kigoda akaketi.

"Babu, swali lako ni zuri. Wataalamu wa dunia nzima waliuliza hivyohivyo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita."

Babu alinitazama. "Unasikia, Fina?"

"Walisema hivi," Hosiana aliendelea. "Sauti yangu hii inabebwa na hewa. Wimbi la ziwani linabebwa na maji. Basi na mwanga wa jua lazima unabebwa na kitu. Lakini huko juu, kati yetu na jua, hewa haipo. Wakasema, kama hewa haipo, kuna kitu kingine. Chembamba kuliko hewa. Hakionekani, hakishikiki, kimejaa kila mahali mpaka kwenye nyota. Wakakiita etha."

"Sasa si ndiyo hiyo!" Babu alisema. "Mimi nimeiita upepo, wao wameiita etha. Tofauti iko wapi?"

"Ngoja. Walikwenda kuitafuta. Wakasema, dunia yetu inakimbia sana kulizunguka jua. Ukiendesha pikipiki siku isiyo na upepo, si unapigwa na upepo usoni?"

"Unapigwa."

"Haya. Na sisi tunaokimbia ndani ya etha, lazima tupigwe na upepo wa etha. Mwanga unaokwenda kinyume cha upepo huo utachelewa kidogo. Wakatengeneza chombo cha kupima. Wakapima mwanga huku, wakapima kule. Wakarudia miezi mingine. Mwanga haukuchelewa. Upepo wa etha hawakuupata."

Babu akasema, "Labda chombo kilikuwa kibovu."

"Na wao walisema hivyo! Wakatengeneza kingine kizuri zaidi. Wengine wakapima tena, na tena. Haukupatikana. Mwishoni wakaiacha etha, kwa sababu hesabu zote zilikwenda vizuri bila yenyewe."

"Sasa kama hakuna kinachobeba," nikauliza mimi, "simu inafikaje?"

Hosiana alizungusha macho uani. "Una sumaku?"

Nilikuwa nayo. Redio ya mama ilikufa zamani, na mama hakuitupa. Nilifungua spika yake, tukatoa kipande cheusi cha duara. Nilimkumbuka mama akipuliza vumbi kwenye redio ile. Nikampa Hosiana. Nikampa na sindano.

Aliweka sindano juu ya sahani, akapitisha sumaku chini ya sahani. Sindano ikatembea. Kisha akaitumbukiza sindano kwenye sufuria ya maji, lakini sufuria ilikuwa ya chuma, haikufaa, tukachukua jagi la plastiki, naye akasogeza sumaku nje ya jagi. Sindano ikaruka ndani ya maji ikagota kwenye ukuta wa jagi.

"Kati ya sumaku na sindano kulikuwa na nini mara ya kwanza?"

"Sahani na hewa," nilisema.

"Na mara ya pili?"

"Maji na plastiki."

"Umeona? Haijali. Wenye mashine za kunyonya hewa wamejaribu kwenye chupa isiyo na hewa hata kidogo. Bado inavuta. Kwa hiyo kuzunguka sumaku kuna kitu kinachotokea, hata mahali pakiwa patupu kabisa. Hicho ndicho tunakiita uga. Umeme nao una uga wake. Vitabuni wanaziunganisha nyuga hizo mbili, wanaita uga wa sumakuumeme."

"Hiyo si etha umeibadilisha jina?" Babu aliuliza.

Hosiana alifikiri. Alinyoosha mkono kuelekea jikoni, moto ulikokuwa unawaka kwenye mafiga.

"Babu, ulipokaa kuna joto?"

"Kidogo."

"Ukisogea karibu na moto?"

"Litazidi."

"Kila mahali kuzunguka moto pana joto lake. Huwezi kulichota ukaliweka kwenye kopo. Ni hali ya mahali. Uga nao ni hivyo. Kila mahali pana nguvu kiasi fulani, inayoelekea upande fulani. Mfano wangu una tundu, nakiri. Joto la hapa limo kwenye hewa. Uga hauhitaji hewa wala kitu kingine cha kuushika. Etha ilikuwa kama maji yaliyojaa ziwa, halafu mwanga ni wimbi lake. Uga si wimbi la kitu kingine. Uga wenyewe ndio unaotikisika. Ukitikisa uga wa umeme, uga wa sumaku unaamka. Ukitikisika wa sumaku, wa umeme unaamka. Zinaamshana hivyo na kwenda mbele, mbio kuliko kitu chochote. Mnara unautikisa, simu yako inauhisi. Mwanga wa jua ni hivyohivyo. Ni ndugu wa simu. Ndiyo maana jua linatufikia na hakuna hewa kati yetu."

Babu alijikuna kidevu. Hakuwa ameridhika. "Lakini mimi niliona. Upepo ulipanda, simu ikalia."

"Simu ilikuwa wapi?"

"Juu ya mwanzi."

"Mnara uko upande ule, nyuma ya mgongo wa mlima. Jiwe na udongo vinaziba. Chini hapa mmefichwa. Ukipandisha simu inaanza kuchungulia juu ya mgongo. Mwanzi wako ni mzuri, Babu. Unafanya kazi kwa urefu wake. Upepo ulipita tu, kwa sababu kila alasiri hupita."

"Na ukungu?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Siku za ukungu mtandao haupo."

"Ukungu unaziba macho yako. Mawimbi ya simu yanapenya, hayapotezi nguvu ya kuhesabika. Siku za ukungu mnapandisha simu?"

"Hapana. Inalowa."

"Kwa hiyo mnaiteremsha."

"Tunaiteremsha."

"Sasa dada, mmejuaje kwamba haupo?"

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Babu alikuwa anaangalia jembe lake.

Hosiana hakujua habari za mama. Aliona jambo dogo tu la kitaalamu. Aliomba kopo la plastiki lenye mfuniko. Nikampa kopo la mafuta ya kujipaka, kubwa, nililokuwa nimeliosha. Akaweka simu yangu ndani, akafunga, akaweka kwenye kikapu. "Pandisha," aliniambia.

Nilishika kamba. Ni kamba ileile. Kikapu kilipanda, kikaingia ndani ya ukungu, kikawa doa. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba.

Simu ikalia, tin.

Nikakiteremsha kikapu. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu. Walikuwa wananitakia asubuhi njema.

Niliketi chini palepale kwenye majani yenye maji. Hosiana alishtuka. "Dada, nimekukosea?" Babu Mikidadi ndiye aliyemweleza. Alimweleza Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alipofika Alhamisi alishindwa, akachukua jembe lake akaondoka. Hakwenda shambani. Alirudi nyumbani kwake akafunga mlango.

Kabla hajaondoka, Hosiana alinionyesha jambo jingine. Tulipanda njia ya gulio mpaka kwenye jiwe la kona, ambalo sisi hutua matenga tukipumzika. Si mbali. Maji ya chai hayajachemka utakuwa umefika. Pale mgongo wa mlima umekatika kidogo, na siku ya jua unauona mnara wa mbali, mwembamba kama uzi. Siku hiyo hatukuona kitu, ukungu mtupu. Lakini simu yangu mkononi ilikuwa na alama zote za mtandao.

"Ukitaka mtandao usitafute upepo," alisema. "Tafuta mahali ambapo mlima haujasimama kati yako na mnara. Ukiwa pale, simu itauona mnara hata kama wewe huuoni. Majani mabichi mengi yanapunguza kidogo, mvua ya mawe inapunguza kidogo. Lakini jaribu. Kila mara jaribu kwanza."

Nilipita kwenye jiwe lile tangu utotoni. Ile Jumatatu ningekwenda na kurudi kabla mama hajamaliza kikombe chake.

Watu wengi wangeishia kulia. Mimi nililia, kisha nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Niliwaeleza wanawake wenzangu mtoni tukiosha karoti. Wengine walinidhihaki. "Fina sasa profesa wa chuo cha Mazimbu!" Nikawaambia waje na simu zao siku ya ukungu. Walikuja. Kila simu tuliiwekea kopo lenye mfuniko. Tulisafisha majani kuzunguka jiwe la kona, tukapanga mawe madogo mtu asiteleze. Nilichukua mkaa nikaandika juu ya jiwe: JARIBU. Mvua inalifuta, narudia.

Babu Mikidadi hakuja. Wiki tatu hakuja. Alinisalimia kwa mbali tu.

Halafu mwezi wa kumi na moja Shadia, mjukuu wake, akapata uchungu kabla ya siku. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeziba kila kitu. Nesi wa zahanati alikuwa amesema wazi, Shadia asijifungulie nyumbani, mtoto amekaa vibaya. Nilikuwa natoka kisimani nikamwona Babu anapanda njia ya gulio, mzee wa miaka sabini na kitu, anakimbia, kandambili moja imebaki nyuma. Alifika kwenye jiwe akapiga simu zahanati. Gari lilipandishwa mpaka mwisho wa barabara, vijana wakambeba Shadia kwa machela. Saa nane mchana alijifungua salama, mtoto wa kike. Nesi alisema wangechelewa mpaka jioni, angezungumza maneno mengine.

Jioni Babu alikuja kwetu. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Fina, mjukuu wangu na kitoto chake wazima."

"Tumshukuru Mungu, Babu."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha upepo."

"Na mimi ndiye niliyeshika kamba, Babu."

"Niliona simu inalia na upepo unavuma. Nikaunganisha. Sikuwahi kujaribu siku upepo usipovuma." Alipangusa macho kwa kofia yake. "Mpigie Juliana. Mwambie kosa ni langu."

Sikumpigia siku hiyo. Nilingoja Jumatatu. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka iwe Jumatatu, na iwe na ukungu.

Ilikuwa na ukungu. Nilipanda mpaka kwenye jiwe, nikaketi. Alama za mtandao zilikuwa zimejaa. Nilipiga. Iliita mara tatu.

"Haloo."

"Dada, shikamoo. Ni Fina."

Akasema, "Marahaba."

Nilimweleza yote. Nilimweleza etha ambayo watu wenye elimu kubwa waliitafuta na kuikosa. Nilimweleza uga, ambao haungoji upepo wala hewa. Nilimweleza jagi na sindano, na redio ya mama, na kopo la mafuta, na ujumbe wa asubuhi njema. Nilimwambia kosa la Babu, na nikamwambia kwamba langu ni kubwa zaidi, kwa sababu aliniuliza kama nilijaribu, na sikujaribu. Nilimweleza mtoto wa Shadia. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anatwanga.

"Dada," nilisema, "neno la mama sinalo. Ningekuwa nalo ningekupa. Nililonalo ni jina lake. Mjomba amesema haligawiwi kwa mwingine. Chumba chake nimekifagia. Njoo uchukue jina la mama. Njoo, dada. Nakuomba."

Nilingoja.

Nikaitazama simu, labda imekatika. Haikuwa imekatika. Dakika zilikuwa zinahesabika, alama zote zimejaa. Nilisikia mchi ukitua kwenye kinu, ukitua tena. Nilimsikia dada yangu anapumua.

"Dada?" nilisema.